Makumbusho Yasiyokumbusha

Kiswahili kilipohitaji jina la mahali panapotunzwa vitu vya kale, hakikukopa neno la Kiingereza kama kilivyokopa benki na hospitali. Kilichukua kitenzi kilichokuwa nacho tayari: kukumbuka, kukumbusha, makumbusho. Neno la Wazungu lina asili ya Kigiriki na maana yake ya kwanza ni nyumba ya miungu wa kike wa sanaa. Hilo ni jina la wenye nyumba. Letu ni jina la kazi. Mahali pakiitwa makumbusho, pameahidi kutukumbusha kitu, na mgeni ana haki ya kuuliza ni kitu gani, na anayekumbusha ni nani.

Swali hilo nililibeba mwezi Machi hadi City Museum, katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Nasoma shahada ya uzamili katika historia ya umma, kwenye chuo kilicho mwendo wa saa kadhaa za basi kutoka hapo, na sehemu kubwa ya masomo yangu ni kujifunza kuandika vile vibao vidogo vya maelezo vinavyokaa chini ya vitu. Neno moja likizidi, msomaji anaondoka. Neno moja likipungua, kitu kinabaki bubu. Ndivyo tunavyofundishwa. Kwa hiyo nilikuwa na shauku ya kuona makumbusho maarufu ambayo, kwa habari nilizozisikia, yamevipa vibao mgongo na kuwaambia wageni: kweeni.

Nilikwenda na mama mdogo, ambaye ni mwenyeji wa jiji hilo kwa miaka tisa sasa, pamoja na watoto wake wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine kumi na mmoja. Kiingilio cha watu wanne si pesa ya mchezo kwa mtu anayelea wazee kwa zamu za usiku, na mama mdogo alilisema hilo mara mbili tukiwa kwenye foleni. Watoto walikuwa hawamsikii tena. Walikuwa wameshaona nyangumi.

Nyangumi huyo ni wa zege, mkubwa kiasi cha kutembelewa ndani, na amelala katika ukumbi wa chini juu ya sakafu ya vigae vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mkono kuwa samaki na viumbe wa baharini. Juu yake dari limejaa njia za nondo na waya. Kwenye sakafu kuna matundu, na kwenye nguzo kuna matundu mengine. Hupewi ramani, na hilo ni la makusudi: waliojenga walitaka upotee. Yule wa miaka minane aliingia kwenye tundu moja miguuni petu, na baada ya dakika kumi tukamsikia akituita kutoka darini. Mama mdogo alisimama katikati ya ukumbi, makoti manne mkononi, akanigeukia.

“Mwanangu, wewe ndiye msomi wa makumbusho. Hebu niambie, hapa tunaangalia nini?”

Nilimjibu kwa historia ya jengo, maana hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Hapo zamani palikuwa ghala na kiwanda cha International Shoe Company, iliyowahi kuwa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za viatu duniani. Jengo lina ghorofa kumi na eneo la takriban mita za mraba 56,000. Biashara ya viatu ilipokufa, jengo likabaki tupu, kama majengo mengi ya katikati ya jiji hilo. Katika miaka ya 1990 mchongaji aitwaye Bob Cassilly na Gail Cassilly, aliyekuwa mke wake wakati huo, walilinunua, na tarehe 25 Oktoba 1997 wakalifungua kuwa City Museum. Cassilly na mafundi wake walikusanya mabaki ya jiji lenyewe, vyuma chakavu, mawe ya majengo yaliyobomolewa, mabomba, mitambo, wakayachomelea na kuyamwagia zege mpaka yakawa kitu cha kupandwa. Nje, mbele ya jengo, kuna bodi mbili za ndege ndogo zilizoinuliwa juu hewani kwa nguzo za chuma, gari la zimamoto na mnara wa mawe, vyote vikiunganishwa na njia za waya zilizosokotwa kama springi ndefu. Unatambaa ndani yake huku ukiona maegesho ya magari chini ya tumbo lako.

“Sawa,” mama mdogo alisema. “Lakini hayo umesoma wewe. Hapa hakuna aliyeniambia.”

Nitarudi kwenye sentensi hiyo, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Kwanza, sifa zinazostahili zitolewe.

Makumbusho mengi duniani yamejengwa kwa ajili ya macho. Nilipokuwa darasa la tano shule ilitupeleka kwenye makumbusho, na agizo la kwanza lilikuwa tufungie mikono nyuma, kama wafungwa wa adabu. Tukapita mstari mmoja, kioo baada ya kioo, kisha tukarudi kwenye basi. Ninachokikumbuka zaidi ni kisogo cha aliyekuwa mbele yangu. City Museum inafanya kinyume kabisa cha hayo. Jicho halikusaidii sana humo, kwa kuwa njia nyingi ni nyeusi, zimepinda, na mwisho wake hauonekani. Kinachojua ni kiganja, goti na bega. Duka lao huuza vikinga magoti, na baada ya saa moja nilielewa kwa nini.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Humo methali hiyo inaacha kuwa mfano. Katika pango la chini, lenye mazimwi ya zege na ngazi zinazopanda gizani, nilimkuta mwanamume mnene mwenye ndevu za mvi amekwama kwenye kona. Nyuma yake walikuwa watoto watatu wasio wake, wakimwelekeza: mguu wa kushoto kwanza, geuza kiuno, sasa sukuma. Alitii kila neno. Sijawahi kuona makumbusho ambamo wadogo wanajua zaidi ya wakubwa kwa sababu tu ya kuwa wadogo. Pale kwetu ujuzi hushuka kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mstari wa wanafunzi. Humo ulikuwa unapita kwenye tundu la upana wa sentimita hamsini, na mwenye mwili mkubwa ndiye mwanafunzi.

Kuna jambo moja katika maisha ya Cassilly linaloifanya kazi yake isomeke upya. Mei 1972, akiwa kijana, alikuwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Vatican, siku ambayo mtu aitwaye Laszlo Toth aliruka kizuizi na kuipiga kwa nyundo Pietà, sanamu ya Michelangelo ya Bikira Maria akiwa amempakata mwanawe aliyekufa. Cassilly alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumrukia na kumwondoa. Mkono wa Maria ulishavunjika, na pua pia. Sanamu ilitengenezwa, lakini tangu hapo iko nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na mahujaji huitazama kwa mbali. Mtu aliyeuona kwa macho yake uharibifu unaofanywa na mkono alikuja kutumia miaka yake ya ukubwani kujenga mahali ambapo mkono hauna mpaka. Nadhani alielewa kitu ambacho walinzi wa makumbusho wengi hatukielewi: kioo hulinda kitu, lakini pia hukiweka mbali na mtu, na kitu kilicho mbali kwa muda mrefu huanza kuwa cha watu wengine.

Bila shaka si kila kitu ni cha kukwewa. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na hakuna mwenye akili atakayependekeza wanafunzi walipitishe mkono kwa mkono. City Museum ina faida ya kuwa mali yake ni ngumu. Chuma kikichakaa, fundi wa kuchomelea anakuja asubuhi. Hata hivyo watu wameumia humo, kesi zimekwenda mahakamani, na wasimamizi wamelazimika kuongeza vizuizi hapa na pale. Mchezo wa kweli una gharama, na jiji limekubali kuilipa. Hilo nalo naliheshimu.

Sasa nirudi kwa mama mdogo. Hapa hakuna aliyeniambia.

Kuna kitu kimoja katika jengo hilo ambacho hakihitaji kuambiwa. Kampuni ya viatu ilikuwa na mitelezo ya chuma iliyozunguka kama konokono kutoka ghorofa za juu hadi chini, ili mizigo ya viatu ishuke hadi mahali pa kupakilia bila kubebwa. Wajenzi wa makumbusho waliigeuza kuwa mitelezo ya watu, na ule mrefu kuliko yote hushuka ghorofa kumi. Unapanda ngazi kwa miguu hadi miguu itetemeke, unakaa kwenye chuma baridi, unajiachia. Giza, mzunguko, mwanga kidogo, mzunguko tena. Nilipofika chini kichwa kikiwa bado kinazunguka, nilikuwa nimepita njia waliyopita viatu vya watu wa nchi nzima. Mwili wangu ulikuwa umefanya ulichofanya mzigo. Hakuna kibao ambacho kingenieleza uzito wa kiwanda kile, haraka yake, na ukimya wake kwa mzigo, kuliko sekunde zile.

Tennessee Williams, mwandishi wa tamthilia, alifanya kazi katika kampuni hiyo katika miaka ya 1930, kama alivyofanya baba yake. Katika The Glass Menagerie kijana Tom ni mfanyakazi wa ghala la viatu St. Louis, na hamu yake ya kutoroka ndiyo injini ya mchezo. Nilipokuwa nimekaa juu ya mtelezo nilimfikiria Tom. Viatu vilikuwa na njia ya kutoka. Yeye alikuwa na kadi ya mahudhurio.

Nauchukua mtelezo huo kuwa kipimo cha jengo zima. Hapo mchezo na kumbukumbu ni kitu kimoja: ukicheza, umekumbushwa. Nikikitumia kipimo hicho kwa vilivyobaki, karibu vyote vinashindwa. Ndege zile mbili zilimbeba nani? Mnara ule wa mawe ulitoka wapi? Nani alipita chini ya tao hili kabla halijaletwa hapa? Katika sehemu za kukwea sikuona jibu. Kwenye ghorofa ya juu upo ukumbi wa mapambo ya majengo, sura za simba na majani ya udongo wa kuchoma yaliyonusurika katika bomoabomoa, na huko mtu anayependa kusoma anahudumiwa vizuri. Lakini watoto wetu waliupita mbio. Jengo limegawanyika katika sehemu mbili: huku wanaokwea bila kujua, kule wanaojua bila kukwea.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama mabaki hayo yangetoka katika jiji lililobomoka kwa uzee tu. Hayakutoka huko. Panda paani, ambako kuna gurudumu kubwa la kubembeza watu, lile la viwanja vya maonyesho, na basi la shule lililosukumwa hadi pua yake inaning’inia nje ya ukingo. Yule wa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akapiga kelele kwa raha. Kutoka hapo unaliona tao kubwa la chuma la Gateway Arch, lenye urefu wa mita 192, lililokamilika mwaka 1965. Linasherehekea walowezi waliokwenda magharibi. Ili pawe na nafasi ya kusherehekea, kuanzia mwaka 1939 mitaa ipatayo 40 ya ufukweni mwa mto ilibomolewa. Geuka upande wa pili, kusini-magharibi. Huko ndiko lilikokuwa bonde la Mill Creek, mtaa wa Wamarekani Weusi wapatao 20,000, wenye makanisa yao, maduka yao, shule zao. Mwaka 1959 serikali ya jiji ilianza kuubomoa kwa jina la maendeleo. Nyumba nyingine za umma zilizojengwa kaskazini, Pruitt-Igoe, zilianza kulipuliwa mwaka 1972, kabla hazijatimiza miaka ishirini. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 856,796. Sensa ya 2020 ilihesabu 301,578.

Jiji linalopoteza zaidi ya nusu ya watu wake huacha vitu vingi. Hivyo ndivyo Cassilly alivyopata malighafi. Simlaumu kwa kuvipenda vitu ambavyo wengine walivitupa. Angeviacha, vingeyeyushwa. Lakini kipande cha nyumba kikitolewa jina na anwani, kikichomelewa juu ya kipande cha ndege, kinageuka kuwa umbo tu. Kinapendeza, kinapandika, na hakimdai mtu chochote. Neno “jiji” lililo kwenye jina la makumbusho linabaki kuwa rangi ya ukutani.

Wapo watakaoniambia natafuta huzuni kwenye kiwanja cha watoto. Mwanafunzi mwenzangu, Mmarekani, aliniambia hivyo hivyo: acha watu wacheze, si kila kitu lazima kiwe somo. Namwelewa. Ila mimi nimekulia mahali ambapo tulicheza juu ya mabaki ya historia nzito, na hatukunyimwa kimoja ili tupewe kingine.

Babu yangu aliishi katika shamba la mkonge mkoani Tanga. Alifika hapo kama manamba, kibarua aliyeandikishwa mbali na kuletwa kwa mkataba, akajulikana kwa namba kuliko kwa jina, na kutokana na namba hizo ndipo likazaliwa neno lenyewe. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa, bei ya dunia ikaanguka mbele ya kamba za plastiki, na nilipozaliwa mimi korona ya shamba lile, yaani kiwanda cha kuchambua majani kuwa singa, ilikuwa imenyamaza zamani. Sisi watoto tuliifanya kiwanja chetu. Tulikwea kwenye mkanda uliokuwa ukipeleka majani mashineni. Tulisukumana kwenye matroli yaliyokuwa yamebaki kwenye reli nyembamba. Hakuna mtu mzima aliyetukataza, na hakuna kibao.

Lakini babu alikuwa akikaa karibu, kwenye kivuli cha mwarobaini, akisuka kamba. Mtu akipanda mahali fulani, babu alikuwa akisema kilichotokea mahali hapo. Hapo alisimama msimamizi. Hapo, mwanangu, palikuwa na ngoma ya chuma yenye visu butu, na fulani aliacha vidole viwili, akarudi kazini baada ya wiki kwa kuwa kadi yake ilikuwa haijajaa siku. Alisema bila kunyanyua uso, mikono yake ikiendelea kusuka. Kisha tuliendelea kucheza. Hatukushuka kwa huzuni. Tulikwea vilevile, ila tulijua tunakwea nini, na hata leo nikiona mashine yoyote yenye mkanda naangalia kwanza vidole vyangu.

Ndiyo maana sidhani kwamba dawa ya City Museum ni kubandika vibao, japo vibao ndiyo fani yangu. Mtoto aliye kwenye springi ya waya, futi nyingi juu ya ardhi, hasomi. Kinachokosekana ni mtu aliye karibu na anayejua, au kitu kilichobuniwa ili mwili wenyewe usimuliwe, kama ulivyosimuliwa na mtelezo wa viatu. Wafanyakazi wa humo ni vijana wachangamfu, wamesimama kila kona kuhakikisha hakuna anayekwama. Ninawazia mmoja wao akipewa kazi ya pili: aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, au mjukuu wake, akae chini ya mtelezo akisuka kamba za viatu, amwambie kila anayefika chini jambo moja tu.

Saa kumi alasiri tulitoka. Niliwaomba tutembee kidogo, na mama mdogo akakubali kwa sababu watoto walihitaji kupoa kabla ya kuingia kwenye gari. Tulikwenda hadi karibu na uwanja mpya wa mpira wa miguu, ambako tangu 2023 zimesimama Pillars of the Valley, nguzo za mawe za msanii Damon Davis wa St. Louis, zenye umbo la saa ya mchanga, kwa ajili ya watu waliohamishwa Mill Creek. Zimesimama kwa utulivu kando ya njia. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa.

Yule mdogo alizunguka nguzo ya kwanza, akaweka kiganja kwenye jiwe, akainua goti. Halafu akasita. Akamuuliza mama yake kama hii nayo ni ya kukwea.

“Hapana,” mama mdogo alijibu. “Hii ni ya kusoma. Hapa walikuwa wanaishi watu.”

“Wako wapi?”

Mama mdogo alinitazama, kana kwamba zamu ilikuwa yangu. Nikawaeleza kwa ufupi: nyumba, makanisa, barua za kuhama, matingatinga. Mtoto akauliza kama walipewa muda wa kuchukua vitu vyao. Nikasema baadhi. Akauliza vilivyobaki vilikwenda wapi. Swali hilo hakulipata kwenye nguzo, na hakulipata kwenye kibao. Alikuwa amelibeba kutoka kwenye jengo tulilotoka, ambako kwa saa nne alikuwa amepanda juu ya vitu vilivyobaki. Sijui kama tao au jiwe lolote alilolikwea lilitoka Mill Creek, na sikumwambia hivyo. Lakini alikuwa ameziunganisha sehemu mbili za jiji ambazo watu wazima walizijenga mbalimbali, moja ya kuchezea na nyingine ya kuomboleza, na aliziunganisha kwa kuwa viganja vyake bado vilikuwa na vumbi la chuma.

Nguzo za Davis zinafanya kazi ambayo City Museum imeiacha: zinataja. Hata hivyo nazo zina upungufu wao, kwa kuwa mtu hufika hapo akiwa ameshajua, au hapiti kabisa. Makumbusho ya kukwea yana watu wengi kwa siku moja ya likizo kuliko ninaowazia wakisimama mbele ya nguzo kwa muda mrefu. Kama ningeulizwa nani anaihitaji habari ya Mill Creek zaidi, ningesema wale waliojipanga kwenye foleni na makoti yao mikononi.

Cassilly hayupo wa kujibu. Septemba 2011 alikutwa amekufa ndani ya tingatinga lake, katika kiwanda cha zamani cha saruji kaskazini mwa jiji alichokuwa anakigeuza kuwa uwanja mwingine wa ajabu, Cementland, ambao haukukamilika. Mwaka 2019 City Museum ilinunuliwa na kampuni inayoendesha viwanja vya burudani. Hofu ya wengi ni kwamba pataanza kufanana na viwanja vingine. Mimi hofu yangu ni ya upande mwingine kidogo. Mahali panapouza furaha hapana sababu ya kibiashara ya kutaja nani alihamishwa, na kila mwaka unaopita, aliyefanya kazi kwenye kiwanda kile au kuishi kwenye mtaa ule anazidi kuwa mzee.

Kwetu tuna tatizo lililo kinyume. Makumbusho yetu yanataja, lakini mara nyingi kwa sauti ya mwalimu wa zamu, na mikono ya watoto imefungwa nyuma. Tuna korona zilizonyamaza, karakana za reli, vinu vya sukari, magati ya zamani, na wazee waliozifanyia kazi bado wako hai, wamekaa mahali fulani kivulini. Anayetaka kujenga makumbusho ya kukwea Tanga hana haja ya kuagiza nyangumi wa zege. Vyuma vipo. Anachopaswa kuharakisha ni kuwapata wazee, awalipe posho ya heshima, awaweke karibu na watoto wanapopanda. Vyuma vinaweza kusubiri miaka kumi mingine.

Mama mdogo alinipigia wiki iliyopita. Watoto wanataka kurudi, na safari hii, alisema, yule mdogo ameandaa maswali. Nilimuuliza atamuuliza nani. Akacheka, akasema hilo ndilo alilonipigia.